Dripu Si Chakula



Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, hifadhidata na simu za rununu, na kwa majuma kadhaa hamkuona kitu kipya. Leo nina mada ambayo si ya kawaida yangu: kumlisha mtoto mchanga aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Tafadhali msiondoke bado. Ndani yake mna hesabu, mna vipimo, na mna kosa moja la kuingiza data lililoua mtoto. Na kama wewe ni mzazi, mjomba, shangazi au bibi, kuna jambo moja humu ambalo ni heri ulijue mapema kabla halijakufika.

Tahadhari kwanza: mimi ni mwandishi wa programu, si daktari. Hesabu ninazotoa ni za kukusaidia kuelewa, si za kumwekea mtoto dripu.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu. Mwaka jana dada yangu alijifungua mtoto wa kiume wa kilo 2.4, na matumbo ya mtoto yalikuwa nje. Sisemi kwa mafumbo. Kando ya kitovu, upande wa kulia, palikuwa na tundu, na sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imepitia hapo ikatoka, haina hata utando wa kuifunika. Madaktari huiita hali hii gastroskisisi. Humpata takribani mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000. Si laana, si jicho la mtu, wala mama hakula kitu kibaya. Mtoto huumbika hivyo tumboni katika wiki za mwanzo kabisa.

Alihamishwa kutoka hospitali alikozaliwa hadi hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji wa watoto. Huko matumbo yaliingizwa kwenye mfuko laini wa plastiki, mfuko ukaning'inizwa juu ya tumbo, nayo matumbo yakawa yanarudi ndani kidogo kidogo kwa siku nne. Siku ya tano tundu likafungwa. Kundi letu la WhatsApp la familia lilijaa vigelegele. Daktari wa upasuaji yeye hakupiga kigelegele. Alivua glavu akasema, "Sasa tunangoja tumbo liamke. Mtoto huyu atapona kwa kulishwa."

Sentensi hiyo ndiyo mada yangu ya leo. Upasuaji ulichukua muda usiofika saa mbili. Kulishwa kulichukua majuma sita.

Kwa nini asinyonye tu?

Swali hili aliliuliza mama yetu, na ni swali zuri. Mtoto amefungwa tumbo, mama ana maziwa, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba utumbo ule ulikuwa umeelea miezi mingi ndani ya maji ya uzazi bila kinga. Ulipozaliwa ulikuwa umevimba, mnene, umegandamana. Utumbo mzima husukuma chakula kwa mawimbi, ukijibana hapa na kujiachia pale. Utumbo uliojeruhiwa namna hii hulala. Ukimimina maziwa juu yake, hayaendi popote. Mtoto hutapika, tumbo hujaa, na hatari huongezeka.

Ndiyo maana mtoto aliwekewa mrija mwembamba kupitia puani hadi tumboni, si wa kumlishia bali wa kutolea. Uliokuwa ukitoka ni ute wa kijani, yaani nyongo. Nesi aliupima kila zamu na kuuandika. Kijani maana yake ni kwamba njia ya chini bado haipitishi. Kwa watoto wengi wenye hali hii, kutoka siku ya kufungwa hadi kula kikamilifu huchukua wiki tatu, nne au zaidi.

Sasa fikiria. Mtu mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila kula akategemea akiba ya mwili wake. Mtoto wa kilo 2.4 ana akiba gani? Sukari iliyo kwenye ini lake ni ya saa chache. Mafuta ni kidogo. Na mwili wake haujakaa tu: unatakiwa kukua, kuponya kidonda, kupigana na vijidudu na kuulisha ubongo unaokua kwa kasi, yote kwa wakati mmoja.

Hesabu ya dripu

Mtoto alikuwa na dripu ya sukari ya asilimia 10. Mama yetu aliitazama akapumua akasema, "Angalau hiyo inamlisha." Nesi aliyekuwa zamu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alimjibu kwa upole: "Shosho, hiyo dripu si chakula. Inamshikilia tu."

Nilikuwa nimesimama hapo na simu mkononi. Kazi yangu ni hesabu, basi nikafanya hesabu. Nifuateni.

Dripu ya mtoto ilikuwa mililita 80 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 2.4 hiyo ni mililita 192 kwa siku, yaani mililita 8 kwa saa. (Jambo la kufurahisha: seti za dripu za watoto hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo idadi ya mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika. Mililita 8 kwa saa ni matone 8 kwa dakika. Nesi huangalia saa yake ya mkononi akahesabu, hahitaji kikokotoo. Aliyebuni kipimo hicho alikuwa na akili ya mtayarishaji programu.)

Sukari ya asilimia 10 maana yake ni gramu 10 katika mililita 100. Mililita 192 zina gramu 19.2. Kila gramu ya sukari hiyo ya dripu hutoa kilokalori 3.4, ambazo mitaani tunaziita kalori tu. Jumla: kalori 65 kwa siku.

Mtoto mchanga anayepona anahitaji takribani kalori 100 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 2.4 hizo ni 240.

Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa anapata 65 anapohitaji 240. Zaidi kidogo ya robo. Tena katika hizo 65 hamna hata chembe ya protini, na bila protini kidonda hufungwa kwa nyama inayotolewa kwenye misuli ya mtoto mwenyewe. Chupa imejaa, matone yanaanguka, na mtoto ana njaa.

Msinielewe vibaya, dripu haikuwekwa bure. Kuna hesabu nyingine ya kuangalia kama sukari inatosha kuulinda ubongo: chukua asilimia ya sukari, zidisha kwa mililita za saa, kisha gawanya kwa 6 mara uzito. Hapa ni 10 mara 8, gawanya kwa 14.4, unapata miligramu 5.6 kwa kila kilo kwa dakika. Watoto wachanga kwa kawaida huanzishiwa kati ya 4 na 8. Kwa hiyo dripu ilikuwa inafanya kazi yake barabara: kuzuia sukari ya damu isianguke. Nesi alisema kweli tupu. Inamshikilia.

Mtu atauliza, kwa nini wasiongeze ukali wa sukari? Mishipa midogo ya mkono huungua ukipita asilimia 12.5. Na hata ukifika hapo kwa kiasi kilekile cha maji, utapata kalori 34 kwa kilo badala ya 27. Ukiongeza maji, mwili utavimba. Njia hiyo imefungwa pande zote.

Chakula kinachopita kwenye mshipa

Njia ya pili ilivumbuliwa Marekani. Katika miaka ya 1960, daktari Stanley Dudrick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alijiuliza kama kiumbe anaweza kukua bila chakula chochote kupitia tumboni. Alianza na watoto wa mbwa aina ya beagle, akawalisha kwa mshipa tu, nao wakakua. Mwaka 1967, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, yeye na Douglas Wilmore walimlisha hivyo mtoto wa kike aliyezaliwa karibu bila utumbo wowote unaofaa. Mtoto aliongezeka uzito na kukua, na ripoti yao ilichapishwa mwaka 1968. Mwishowe mtoto huyo hakupona, lakini aliishi karibu miaka miwili pale ambapo awali angeishi siku chache. Upande wa Sweden, Arvid Wretlind alikuwa tayari ametatua tatizo la mafuta kwa kutengeneza Intralipid, mafuta ya soya yaliyosagwa hadi yakaweza kupita kwenye damu bila kuleta madhara.

Mfuko wa leo ni mchanganyiko wa hayo yote. Tuseme gramu 14 za sukari kwa kilo, hizo ni kalori 48. Gramu 3 za asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini, kalori 12. Gramu 3 za mafuta, kalori 30. Jumla ni 90 kwa kilo. Ongeza chumvi, kalsiamu, vitamini na madini kama zinki. Hiki sasa ni chakula.

Mpwa wangu aliwekewa mrija mwembamba kama uzi, ukaingizwa mkononi na kusogezwa taratibu hadi karibu na moyo, mahali ambapo damu ni nyingi na mchanganyiko mkali hauwezi kuunguza mshipa. Mifuko ilianza siku ya nne. Halafu kukawa na siku ambazo mfuko haukupatikana, akarudi kwenye sukari tupu. Katika lahajedwali langu siku hizo zinaonekana wazi: mstari wa kalori unadondoka, na siku mbili tatu baadaye mstari wa uzito unaufuata. Alishuka hadi kilo 2.2.

Mfuko nao una deni lake. Mrija ulio karibu na moyo ni mlango wa vijidudu, ndiyo maana kila anayeugusa hunawa na kuvaa glavu. Na ukitumika kwa wiki nyingi, ini huchoka, mtoto akawa wa manjano. Dawa bora ya ini hilo ni kuanza kutumia tumbo, hata kidogo.

Kosa la herufi moja

Hapa ndipo ninapowaita wenzangu wa fani. Mwaka 2006, Las Vegas katika jimbo la Nevada, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliagiziwa mfuko kama huu. Zinki ilitakiwa kupimwa kwa mikrogramu. Wakati wa kuingiza agizo kwenye tarakilishi, tarakimu iliandikwa sawasawa lakini kipimo kikachaguliwa miligramu. Tarakimu ileile, dozi mara 1,000. Mashine ya kuchanganya iliweza kuwekewa kikomo, lakini kikomo cha zinki hakikuwekwa. Aliyekuwa akiihudumia alilazimika kuijaza zinki upya tena na tena, na kazi ikaendelea kwa sababu mashine ilisema iendelee. Mtoto alifariki.

Sisi tunaoandika programu tumezoea kusema "mtumiaji amekosea". Someni kisa hicho mara mbili. Programu iliruhusu kiasi ambacho hakiwezi kuwa sahihi kwa binadamu yeyote wa ukubwa ule. Kuonya hakutoshi mahali ambapo watu huona maonyo mia moja kwa siku. Kuna tarakimu ambazo programu inapaswa kuzikataa kabisa.

Kuna sheria mbili ndogo za kuandika dozi ambazo naona kila mtayarishaji programu angezibandika ukutani. Andika 0.5, kamwe usiandike .5, maana nukta ikififia inasomeka 5. Andika 1, kamwe usiandike 1.0, maana nukta ikififia inasomeka 10. Lahajedwali lako linalopenda kuongeza sufuri ili safu zipendeze linaweza kumpa mtoto dozi mara kumi.

Na kuna la vifaa pia. Kwa miaka mingi mrija wa maziwa na mrija wa mshipa viliweza kuunganishwa kwenye sirinji ileile, na imewahi kutokea maziwa yakaingia kwenye damu. Mwaka 2016 kilitolewa kiwango cha kimataifa, ISO 80369-3, kinachoelekeza viunganishi vya mirija ya chakula viwe na umbo lisiloingia kwenye mishipa. Fikiria chaja isiyoingia kwenye tundu lisilo lake. Hakuna mafunzo yanayoweza kushinda umbo linalokataa.

Nchi na nchi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet ulifuatilia watoto 3,849 wenye kasoro za kuzaliwa za mfumo wa chakula, katika hospitali 264 za nchi 74. Kwa wenye gastroskisisi, katika nchi tajiri walifariki asilimia 1.4. Katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Kenya imo, asilimia 31.9. Katika nchi maskini, asilimia 90. Jirani zetu wa Mulago, Kampala, walichapisha takwimu zao mwaka 2016 bila kuficha: kati ya watoto 42 walioandikishwa mwanzoni mwa mwaka 2014, waliopona ni asilimia 2.

Tundu ni lilelile. Uzi wa kushonea hauna tofauti kubwa hivyo. Tofauti iko kwenye mambo yasiyopigwa picha: mtoto kufika mapema, kupata joto, kutopata maambukizi, na kulishwa. Utafiti ule wa 2021 ulikuta kwamba kukosa lishe ya mshipa pale inapohitajika ni mojawapo ya mambo yaliyoambatana na vifo zaidi.

Ndo ndo ndo

Basi hospitali isiyo na mifuko ifanyeje? Na hata yenye mifuko, mtoto aondokeje kwenye mfuko? Jibu lilikuwa kwa dada yangu tangu siku ya kwanza.

Nesi yule yule alimwambia, mtoto akiwa bado hata hajafungwa tumbo: "Mama, anza kukamua leo. Mara nane kwa siku, na usiku pia." Dada alilia. Atamkamulia nani, na mtoto haruhusiwi kumeza kitu? Lakini matiti hayajui habari za upasuaji. Yasipoitwa siku za mwanzo, yatakauka kabla utumbo haujaamka. Siku ya kwanza alipata matone machache ya dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yakavutwa kwa sirinji ndogo. Nesi alimpaka mtoto ndani ya mashavu, kwa kuwa dang'a ina kinga hata isipofika tumboni. Yaliyozidi siku zilizofuata yaliandikwa tarehe na kuhifadhiwa kwenye barafu. Mama yetu naye alikuwa akileta njahi na uji wa wimbi kila adhuhuri, na kukaa hapo hadi bakuli iwe tupu.

Siku ya 13 ute wa mrijani ulikuwa umepungua na rangi ya kijani imeondoka. Usiku huo mtoto alijisaidia. Sijawahi kuona ujumbe wa choo ukipokewa kwa shangwe kama ule kwenye kundi la familia!

Kesho yake alianza kula. Mililita 10 kwa kilo kwa siku, yaani mililita 24, gawanya mara nane: mililita 3 kila baada ya saa tatu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo, lakini kwa mtoto huyu ndo ndo ndo ndiyo iliyokuwa dawa. Kiasi hicho hakimshibishi, ni kalori 7 kwa kilo. Kazi yake ni kuufundisha utumbo: ukuta wake unajengeka, mawimbi yanaanza, nyongo inatiririka, ini linapumua.

Lengo lilikuwa mililita 150 kwa kilo, yaani 45 kila mlo. Kwa maziwa ya mama hizo ni takribani kalori 100 kwa kilo, ile tarakimu yetu ya mwanzo. Kwenye karatasi, ukiongeza mililita 20 kwa kilo kila siku, unafika siku ya nane. Matumbo hayasomi karatasi. Siku ya nne tumbo lilijaa, wakasimamisha. Wakaanza tena. Nyongo ikarudi, wakapunguza. Safu ya maziwa kwenye lahajedwali ilifanana na ngazi iliyojengwa na mlevi, lakini ilipanda. Siku ya 36 tangu azaliwe alifika 45. Siku ya 44 alitoka hospitali akiwa na kilo 2.75, ananyonya mwenyewe.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto aliyetolewa utumbo kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kitokee hapo kwa muda. Alikuwa anakula vizuri, kalori zimetimia, na uzito hausogei. Kwa sisi ni kama programu isiyo na hitilafu yoyote inayoonekana lakini haitoi jibu. Daktari alipima mkojo akakuta sodiamu imekwisha: ilikuwa inapotea kwenye kile kinyesi cha majimaji, na bila sodiamu mtoto hakui hata umpe kalori ngapi. Aliongezewa chumvi kwa kipimo, na ndani ya wiki mizani ikaanza kusogea. Upande wa pili kulikuwa na mtoto mwingine mwenye hali kama ya mpwa wangu, aliyeletwa akiwa na siku tatu. Huyo hakurudi nyumbani. Mama yake alikuwa ameshaanza kukamua.

Kwa mama ambaye maziwa yamekataa kabisa au mgonjwa mwenyewe, tangu mwaka 2019 iko benki ya maziwa ya mama katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, ya kwanza nchini. Wanaochangia hupimwa, na maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu bila kuharibu faida zake zote. Mlango umefunguka.

Mnachoweza kufanya

Kwa familia: mtoto akifanyiwa upasuaji, msiulize tu "operesheni imeendaje?" Ulizeni pia, kwa adabu, maswali haya. Leo amepata kalori ngapi kwa kilo? Ana protini, au sukari tu? Tumbo lake litajaribiwa lini? Uzito wa leo na wa jana ni upi? Manesi hawachukii maswali hayo. Yule wetu alifurahi kuona kuna mtu anasoma tarakimu alizokuwa akiziandika usiku kucha peke yake. Na mama aanze kukamua siku ileile, asingoje ruhusa ya utumbo.

Kwa wenzangu wa programu: Wizara ya Afya ina kijitabu cha mfukoni cha miongozo ya matibabu ya watoto, kinachotolewa tangu 2005, chenye majedwali ya maji na maziwa kwa uzito na kwa siku. Manesi hukitumia kila saa. Kabla ya kubuni mfumo mkubwa wa hospitali wenye rangi nzuri, kaa zamu moja ya usiku uone anayetumia jedwali hilo chini ya taa hafifu, watoto kumi na tano, mkono mmoja umeshika sirinji. Mwandikie kitu kinachofanya kazi bila intaneti, chenye kipimo kando ya kila tarakimu, kinachokataa upuuzi. Kikokotoo cha kurasa moja kinaweza kuwa na maana kuliko mfumo mzima.

Mimi lile lahajedwali nimelisafisha, nimeondoa data ya mpwa wangu, na nimeweka vikomo kwenye kila kisanduku. Ukiandika uzito wa kilo 24 badala ya 2.4, linakataa. Daktari mmoja wa watoto anapitia hesabu zangu mstari kwa mstari, na sitalitoa kwa mtu kabla hajamaliza. Akimaliza nitaliweka hapa mlipakue bure.

Kama wewe ni nesi, daktari au mzazi uliyepitia haya, niandikie. Nataka hasa kujua hospitali zisizo na mifuko kabisa zinafanyaje, maana huko ndiko watoto wengi wetu wanakozaliwa. Nitajibu kila ujumbe.

Haya, tukutane wakati mwingine, na tutarudi kwenye hifadhidata zetu. Mjomba ameitwa kubeba mtoto.